Mjomba anasema paspoti yangu inanifuatilia

SWALI: Shikamoo kaka. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Tanga. Mwezi uliopita nimepata paspoti mpya, nakwenda Muscat kumwona dada yangu aliyejifungua. Sasa mjomba wetu wa Mombasa katuma sauti kwenye grupu la familia, anasema paspoti za siku hizi zina chipu na serikali inakuona ulipo kwa setilaiti, hata ukiwa msalani. Anashauri niifunge kwa foili, au niiweke kwenye maikrowevu sekunde tano chipu ife. Mume wangu anacheka, mimi silali. Je, ni kweli inaonyesha nilipo? Na mtu akikaa karibu yangu kwenye basi na simu yake, anaweza kuninyonya taarifa? Tiketi ananikatia wakala, picha ya paspoti nimeshamtumia WhatsApp, kwa hiyo upande huo sina shida. Ni hofu hii tu.

JIBU: Marahaba, dada, na hongereni kwa mgeni wa Muscat.

Nianze na maikrowevu, maana hilo halingoji: usithubutu. Ndani ya paspoti mna koili ya waya mwembamba, na waya ndani ya maikrowevu hutoa cheche. Sekunde tano zinatosha kuacha doa la kuungua, na afisa wa uhamiaji akiliona doa hilo hatauliza habari za chipu, atauliza kwa nini umeharibu hati ya serikali. Shilingi 150,000 ulizolipa zimekwenda hapo. Haya, tuseme una bahati, chipu ikafa bila kuacha alama. Paspoti haiwi batili kwa sababu hiyo peke yake, kwani maandishi na picha vipo, lakini mashine ikishindwa kuisoma utatolewa kwenye foleni, utaketishwa pembeni, utaulizwa maswali huku ndege inaita abiria. Dawa ya mjomba ingekuletea macho yale yale anayokukimbiza nayo.

Sasa swali lenyewe. Haionyeshi ulipo, na haina uwezo huo hata ikitaka.

Unazikumbuka baiskeli za dinamo? Ukikanyaga pedeli taa inawaka, ukiacha kukanyaga giza. Chipu ya paspoti ni taa ya namna hiyo. Haina betri wala chanzo chochote cha umeme. Umeme wake unatoka kwenye kifaa cha afisa: kifaa hutoa mawimbi ya megahezi 13.56, ile koili ikikaa ndani ya mawimbi hayo inapata umeme kidogo, chipu inaamka, inajibu inachoulizwa, na ukiiondoa inazima. Aina hii ya chipu imekusudiwa isomwe kwa umbali wa sentimita kumi hivi, yaani urefu wa kiganja. Paspoti ikiwa kabatini chini ya kanga zako, humo ndani hakuna kinachofanya kazi.

Na setilaiti? Setilaiti za GPS, zile zinazosaidia simu kujua ilipo, ziko juu kilomita 20,200 hivi, na hazimwoni mtu yeyote. Kazi yake ni kutangaza saa na mahali zenyewe zilipo, kama redio inavyotangaza taarifa ya habari bila kujua nani anasikiliza. Anayepiga hesabu ya mahali ni kipokezi kilicho chini. Ili kitu kikutangaze kwa serikali kinahitaji kipokezi, betri, laini na bando. Kitu hicho unacho, dada, na unakichaji kila usiku. Nitakirudia.

Nisikuombe uniamini kwa maneno tu. Juzi baada ya chakula niliweka paspoti yangu mezani, nikachukua simu yangu ambayo ina NFC, yaani uwezo wa kusoma chipu kwa karibu, nikapakua programu ya bure ya kusoma paspoti. Haikukubali hata kuanza. Ilitaka kwanza niiskanie ile mistari miwili iliyo chini ya ukurasa wa picha, yenye alama nyingi za <<<. Nikaiskani. Nikalaza simu juu ya gamba: kimya. Nikaipandisha, nikaishusha, nikavua kava la simu, ndipo ikatetemeka na kuanza kusoma. Mwanangu akagusa meza, simu ikateleza upana wa vidole viwili, ikakata. Mara ya tatu ikafika mwisho, nikaona kilichomo: jina langu, namba ya paspoti, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya mwisho wa matumizi, na picha ile ile niliyokunja uso kana kwamba nimedaiwa. Orodha ya safari haikuwemo. Mipaka niliyowahi kuvuka, tarehe za kuingia na kutoka, hakuna hata moja.

Tena chipu haiandikwi mpakani. Taarifa zake huwekwa siku paspoti inapotengenezwa, zikatiwa saini ya kidijitali ya nchi iliyoitoa, basi. Afisa husoma tu na kuhakiki saini. Mwaka 2006 Mjerumani aitwaye Lukas Grunwald alionyesha hadharani kwamba anaweza kunakili chipu ya paspoti yake kwenye kadi tupu, na magazeti yakapiga kelele. Lakini alichopata ni pacha wa chipu ile ile, sura ile ile. Ukibadilisha picha hata kidogo saini inagoma. Kwa mwizi anayetaka kupachika uso wake kwenye jina lako, pacha huyo hana faida.

Sasa yule wa kwenye basi. Nimesema programu ilitaka mistari miwili kwanza. Ile ndiyo funguo. Chipu ina kufuli, na ufunguo wake hutengenezwa kwa vitu vitatu vilivyochapwa ukurasani: namba ya paspoti, tarehe yako ya kuzaliwa na tarehe ya mwisho wa matumizi. Asiye navyo, hata akibandika simu kwenye mkoba wako kutoka Tanga mpaka Chalinze, chipu haimpi jina wala picha. Wazo la waliobuni ni kwamba ukimfungulia mtu ukurasa, umemruhusu.

Umbali pia si wa kuapia. Watafiti wawili wa Israel, Kirschenbaum na Wool, walijenga mwaka 2006 kifaa cha kusomea chipu za jamii hii kwa sentimita 25, kwa gharama ya dola 100 hivi. Kwenye basi lililojaa, sentimita 25 ni jirani yako wa kiti. Lakini atakuta kufuli.

Hapo watu wengi wa fani yangu wangekwambia lala salama, wakamaliza. Mimi nasita kidogo, kwa sababu kufuli lenyewe limewahi kukutwa na ufa, na ufa huo unakaribia sana anachokisema mjomba. Mwaka 2010 Tom Chothia na Vitaliy Smirnov wa Chuo Kikuu cha Birmingham walinasa mazungumzo ya mara moja kati ya paspoti na kifaa halali cha kusomea, kisha baadaye wakaichezea paspoti ile rekodi. Hawakuweza kuifungua. Ila paspoti ya Ufaransa ilijibu kosa la aina moja kama ujumbe ulitengenezwa kwa ufunguo wake, na kosa la aina nyingine kama ni wa paspoti ya mtu mwingine. Za nchi nyingine zilijisaliti kwa kuchelewa kujibu, tofauti ndogo sana ya muda lakini inapimika. Kwa hiyo mtu akiwahi kukunasa mara moja, anaweza kutega kifaa mlangoni kikamwambia, “yule yule amepita tena”, bila kujua chochote kingine. Huko ni kufuatilia, lazima nikiri. Ni kwa hatua moja ya mlango, kwa mtu aliyekulenga wewe hasa, na kifaa kilichokaribia mwili wako. Tangu hapo nchi nyingi zimehamia kufuli jipya lenye nguvu zaidi. Kama ningekuwa mwandishi wa habari anayetafutwa na watu wenye fedha, ningeliwaza. Kwa safari yako ya kupeleka kanga na halua, hapana.

Na chipu si moja. Watu huchanganya mambo hapa, wataalamu wakiwemo. Marekani wana paspoti ya kitabu kama yetu, halafu wana kadi ya paspoti kwa ajili ya kuvuka kwa gari mpaka wa Kanada na Mexico. Kadi hiyo ina chipu ya jamii nyingine kabisa, iliyotengenezwa makusudi isomwe kwa umbali wa mita kadhaa ili afisa aone taarifa zako kabla gari halijafika dirishani. Haitoi jina, hutoa namba, lakini namba ni ile ile daima na hutolewa kwa yeyote anayeuliza. Mwaka 2009 mtafiti mmoja aliendesha gari mitaa ya San Francisco akiwa na kifaa cha bei poa, akaziokota namba za kadi zilizokuwa mifukoni mwa wapita njia. Serikali yenyewe huitoa kadi hiyo na kijaladi cha kuzuia mawimbi. Foili ya mjomba, kwa mwenye kadi ile, ni ushauri wa maana.

Hata paspoti yao ya kitabu ingekuwa wazi lau si kelele. Mpango wa awali ulikuwa kuweka taarifa kwenye chipu bila kufuli lolote. Mwaka 2005 wizara yao ya mambo ya nje ikaomba maoni ya wananchi, yakaja 2,335, karibu yote ya kupinga. Ndipo likaongezwa kufuli, na gamba likatiwa nyuzi za chuma ili ikifungwa isisomeke. Paspoti zikaanza kutolewa kwa wananchi mwaka 2006. Naitaja hii kwa sababu ya mumeo anayecheka. Woga wa watu wa kawaida ndio uliolitia kufuli.

Mjomba naye simcheki. Yuko Mombasa, na Kenya jambo hili lina historia ambayo sisi wa ng'ambo hii ya mpaka wa Horohoro tuliisikia kwa vipande vipande vya WhatsApp. Mwaka 2018 sheria yao ya usajili wa watu ilirekebishwa, ikaruhusu serikali kukusanya DNA na vipimo vya GPS vya mahali mtu anapoishi. Mwaka 2019 watu wakapanga foleni kwa ajili ya Huduma Namba, namba moja ya utambulisho kwa kila mtu, pamoja na kadi yake. Mtaani ikavumishwa kuwa ni 666, alama ya mnyama. Wengine wakaelewa GPS itatiwa ndani ya kadi. Kilichokusudiwa kilikuwa tofauti: nyumba yako iandikwe kwenye daftari kuu, pale ilipo, kwa vipimo. Kwangu mimi hilo ni zito kuliko chipu, maana chipu unaweza kuiacha nyumbani. Nubian Rights Forum, shirika la kutetea haki za Wanubi wa Kenya, na wenzao wakaenda mahakamani, na tarehe 30 Januari 2020 Mahakama Kuu ya Nairobi ikapiga marufuku DNA na GPS, ikaruhusu mengine kwa sharti la kuwekwa kwanza kanuni za kulinda taarifa hizo. Tarehe 14 Oktoba 2021 Jaji Jairus Ngaah akaamua kwamba hata kadi zenyewe zilianza kutolewa kinyume cha sheria, kwa kuwa serikali haikufanya tathmini ya madhara kwa faragha kama sheria yao ya mwaka 2019 inavyotaka. Kwa hiyo mjomba ameshika mkia wa jambo la kweli. Kichwa chake ndicho hakukiona.

Kichwa chake ni daftari. Ukifika mpakani au uwanja wa ndege, paspoti ikisomwa, kompyuta ya ofisi ndiyo inayoandika: fulani, saa fulani, amepita hapa. Ingeandika hata kama chipu isingekuwepo, kama ilivyokuwa enzi za mihuri na vitabu, ila sasa daftari linatafutika kwa sekunde na linaweza kuunganishwa na madaftari mengine. Hoteli inaandika, shirika la ndege linaandika. Anayetaka kujua umepita wapi hahitaji kuisoma paspoti yako, anahitaji kusoma madaftari, na swali la kuuliza ni nani ana ruhusa ya kuyafungua. Hapa kwetu tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na tume yake ya kupeleka malalamiko. Bado changa, watu wachache wanaijua, lakini ipo.

Na ile simu niliyosema nitairudia. Laini yako umeisajili kwa kidole na namba ya NIDA, kama sote tulivyosukumwa kufanya kabla ya tarehe 20 Januari 2020. Simu ikiwa imewashwa, hata hujapiga, inaongea na mnara ulio karibu ili mtandao ujue pa kukupigia. Mahali ulipo, kwa jina lako, panajulikana na kampuni ya simu muda wote huo. Mjomba alituma onyo lake kwa kifaa hicho hicho.

Sasa njoo kwenye sentensi yako ya mwisho, uliyoiandika kama vile hainihusu. Picha ya paspoti umeshamtumia wakala WhatsApp. Dada yangu, katika barua yako yote hapo ndipo niliposhtuka.

Picha ile ina jina, sura, namba, tarehe zote mbili, na ile mistari miwili. Ufunguo wa chipu uko humo mzima, ila hata mwizi haujali, kwa sababu vilivyomo ndani ya chipu ndivyo hivyo hivyo alivyokwisha kuviona juu. Chipu ina kufuli. Picha haina, na haihitaji mtu akukaribie sentimita kumi. Sasa hivi iko kwenye simu ya wakala, pengine imejihifadhi yenyewe kwenye galari, pengine iko kwenye kompyuta ya ofisi iliyoachwa wazi WhatsApp, pengine imepelekwa kwa wakala mwenzake wa Dar. Simsemi huyo wako kwa ubaya, simjui. Ndivyo kazi hizi zinavyokwenda.

Mwaka jana nilinunua karanga stendi, zimefungwa kwenye kikaratasi cha kona. Nimekula, nimekifungua: kopi ya kitambulisho cha mama mmoja, uso umeingia mafuta, namba inasomeka yote ishirini. Imetoka stesheneri fulani, kopi iliyoharibika ikatupwa kwenye boksi, boksi likauzwa kwa muuza karanga. Namba ya NIDA, kama hujawahi kuiangalia vizuri, tarakimu nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Hakuna chipu iliyohusika pale. Kikaratasi nilikichoma.

Kwa hiyo fanya hivi. Mwombe wakala, kwa adabu, akishakata tiketi afute picha kwenye mazungumzo na kwenye galari, na wewe ifute upande wako. Siku nyingine anayetaka taarifa za tiketi mwandikie kwa maandishi: jina kama lilivyo kwenye paspoti, namba, tarehe. Ufunguo utakuwa umetoka, hakuna jinsi, ila sura na saini yako vitabaki kwako. Anayeng'ang'ania picha, andika juu ya kopi kwa kalamu nene “kwa tiketi ya Muscat tu” na tarehe, maandishi yapite juu ya maneno lakini yasizibe jina, ndipo uipige picha. Stesheneri, simama hapo hapo mashine inapotoa, na kopi iliyoharibika uichukue, usiiache kwenye boksi. Wakala wa laini akikwambia kidole hakijasoma, weka tena, na tena, ukitoka hapo piga *106# uone laini ngapi zimesajiliwa kwa NIDA yako. Kuna watu wamekuta namba ambazo hawajawahi kuzishika.

Foili ukipenda itumie, haina madhara, ila iizungushe paspoti pande zote, pakibaki uwazi haifanyi kazi. Kwenye ukaguzi wa mizigo utaombwa uifungue, na utajieleza. Mimi siitumii.

Kopi moja ya karatasi mwachie mumeo nyumbani ndani ya bahasha, aache kucheka, apate kazi. Paspoti ikipotea ukiwa Muscat, ubalozi wetu kule utataka namba yake na tarehe iliyotolewa, na atakayekusomea kwa simu ni yeye.